Bei ya Shahada Iko Kwenye Kalenda

Kila Oktoba, orodha za mikopo zinapotoka, Tanzania nzima huongea kwa asilimia. Huyu kapata mia, yule arobaini, wa tatu hakuliona jina lake na sasa anahangaika na rufaa. Mjomba anaulizwa atatoa kiasi gani, mifugo inahesabiwa, wenzake mama kwenye kikoba wanaombwa wamsogezee zamu. Yote hayo yana maana, kwa sababu ada ikikosekana hakuna usajili. Ila katika miaka mingi ya kusikiliza mazungumzo haya, nimeona kuna hesabu ambayo karibu hakuna anayeifanya: shahada hii itakula miaka mingapi ya mtu, tangu alipoweka kalamu chini baada ya mtihani wa darasa la saba hadi mwezi ule ambao makato ya Bodi ya Mikopo yatafutika kwenye hati yake ya mshahara. Ninaamini hesabu hiyo ndiyo bei yenyewe, na ada ni sehemu yake tu.

Kizazi cha kwanza cha wasomi wetu hakikulipa fedha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja cha sheria ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake hawakuzidi 20. Kodi ya mkulima wa pamba na kahawa iliwasomesha, ikawalisha na kuwalaza, na iliendelea hivyo chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964. Mwalimu Nyerere aliieleza hali hiyo kwa mfano wa kijiji chenye njaa: wanakijiji wanampa kijana mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea msaada, na kijana huyo akila akapotelea huko, amewasaliti. Watu huutumia mfano huo kufundishia uzalendo. Mimi nauona kama mkataba wa deni. Kijana amekopeshwa chakula, naye atakilipa kwa safari yake, yaani kwa muda wake.

Deni hilo lilidaiwa mapema. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 kati ya hiyo wangekuwa kazini wakipokea asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400, na kwa kuwa walikuwa wameigusia mishahara ya wakubwa, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo husimuliwa zaidi kwa sababu ya hasira ya Mwalimu. Lakini ukilitazama kwa jicho la gharama, vijana wale walikuwa wanabishania bei. Elimu ilikuwa bure kwa shilingi, na dola ilikuwa inadai ilipwe kwa miaka.

Miaka minane baadaye bei hiyo ilipanda. Azimio la Musoma, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Novemba 1974, lilifuta utaratibu wa kutoka kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Kijana alipaswa kwanza amalize JKT, afanye kazi si chini ya miaka miwili, kisha apate barua nzuri kutoka kwa mwajiri na tawi la chama. Nia ilikuwa ya heshima, chuo kipate watu wanaojua kwa nini wanasoma. Matokeo yake moja hayazungumzwi inavyostahili: idadi ya wanawake iliporomoka. Msichana aliyeambiwa asubiri miaka mitatu alifika mwisho wa miaka hiyo akiwa ameolewa, ana mtoto, au ukoo umeshaamua kwamba inatosha. Haukupita muda mrefu serikali ikawaondolea wanawake sharti hilo. Waliopanga sera walidhani mwaka mmoja ni mwaka mmoja kwa kila mtu, kumbe mwaka wa msichana wa Tanzania wa 1975 ulikuwa ghali kuliko wa kaka yake. Nina wasiwasi kwamba bado ni ghali zaidi, na nitalirudia hilo.

Kisha zikaja shida za uchumi za miaka ya themanini, masharti ya wakopeshaji wa nje, na mwaka 1992 sera ya kuchangia gharama. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipitishwa mwaka 2004 na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Hapo ndipo nchi ilipobadili sarafu ya malipo: badala ya kumdai msomi muda wake, ikamdai fedha zake. Tatizo ni kwamba sarafu ya zamani haikuondolewa kwenye mzunguko. Siku hizi mhitimu analipa kwa zote mbili.

Tuanze na fedha. Katika vyuo vya umma ada ya kozi nyingi za shahada ya kwanza iko kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Hiyo wala siyo sehemu kubwa. Kubwa ni tumbo na paa. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo kila mwanafunzi huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Chukua mwanafunzi mwenye ada ya milioni 1.2, bumu la siku 240, na laki mbili za vitabu na viandikwa. Mwaka mmoja unafika milioni 3.8, na miaka mitatu milioni 11.4. Ada ni chini ya theluthi. Ndiyo maana hosteli zile 20 zilizofunguliwa Mlimani Aprili 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840 zilikuwa na uzito kuliko mijadala mingi ya ada, na ndiyo maana wanafunzi bado wanabebana, wawili kwenye kitanda cha mmoja. Kila usiku anaobebwa mtu ni fedha ya geto, yaani chumba cha kupanga, iliyookolewa.

Sasa tumpeleke mhitimu huyo kazini, awe na bahati ya kupata utumishi wa umma kwa mshahara wa shilingi 800,000. Anakatwa asilimia 5 ya pensheni, asilimia 3 ya bima ya afya, kodi ya karibu 68,000, na asilimia 15 ya Bodi ambayo ni 120,000. Anabaki na kama 548,000. Deni lake litaisha baada ya miezi 95, miaka minane kasoro mwezi. Akianza kazi akiwa na miaka 26, atakuwa huru akikaribia 34, ikiwa hakuna siku aliyokaa bila ajira.

Na huyu ni wa leo, ambaye ana nafuu. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, makato yalikuwa asilimia 8, na deni lililobaki lilitozwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kutunza thamani ya mkopo. Piga hesabu ileile: asilimia 8 ya laki nane ni 64,000 kwa mwezi, 768,000 kwa mwaka. Asilimia 6 ya milioni 11.4 ni 684,000. Mtu analipa mwaka mzima, na deni linapungua kwa 84,000 tu. Nimewahi kuona watu wazima, wenye watoto sekondari, wakiitazama taarifa ya deni lao kama mtu anayechota maji kwa tenga. Makato yalipopandishwa hadi 15, walionyanyua sauti walisema kwa haki kwamba walikuwa wamesaini 8. Rais Samia alipotangaza kwenye Mei Mosi ya 2021, Mwanza, kwamba tozo ile ya asilimia 6 inafutwa, aliondoa kitu kilichoufanya mkopo usiwe na mwisho. Katika yote yaliyofanywa kwa wanufaika tangu Bodi ianze, sioni lililo kubwa kuliko hilo.

Kutokana na hesabu hiyo unapata kipimo kinachofaa kuwekwa mbele ya kila mtunga mtaala. Mwaka mmoja wa ziada chuoni, kwa milioni 3.8, ni miezi 32 ya makato. Kitivo kinapoamua kozi ya miaka mitatu iwe ya minne, kinachukua mwaka mmoja darasani na karibu miaka mitatu kwenye mshahara wa kijana. Huenda mwaka huo ni wa lazima. Basi utetewe kwa maneno yanayolingana na uzito wake.

Upande wa muda una mambo mengi yaliyofichika, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Kwenye karatasi mfumo wetu ni 7-4-2-3, miaka 16. Lakini tazama mapengo. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha kwanza ni Januari: miezi minne. Kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba na kidato cha tano kinaanza Julai: miezi saba au minane. Kidato cha sita wanamaliza Mei, baadhi wanakwenda kambi za JKT za mujibu wa sheria zilizorejeshwa mwaka 2013, matokeo yanatoka Julai, vyuo vinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba: miezi mitano na kitu. Jumlisha, unapata kama miezi 16. Hakuna aliyekaa mezani akaamua kwamba mtoto wa Kitanzania apoteze mwaka na theluthi akisubiri. Ni kalenda tatu za ofisi tatu ambazo hazijawahi kukalishwa kikao kimoja. Mwenye nacho hulijaza pengo kwa kozi ya kompyuta na masomo ya ziada. Asiye nacho hupelekwa shamba au dukani, na wengine hawarudi. Pengo la Novemba hadi Julai ndilo ninaloliogopa zaidi kwa wasichana, kwa sababu zile zile za 1975.

Baada ya shahada foleni inaendelea. Daktari husoma miaka mitano na kufanya mazoezi ya kazi mwaka mmoja kabla ya usajili kamili, na hilo sina ugomvi nalo, nani anataka kufanyiwa upasuaji na mtu aliyeharakishwa? Mhandisi husoma minne, kisha anahitaji kama mitatu ya kufanya kazi chini ya usimamizi ili asajiliwe kuwa mtaalamu. Huyo walau analipwa. Mwanasheria ndiye mwenye hali ngumu. Tangu 2008 shahada ya sheria pekee haimfanyi wakili. Lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, alipe ada nyingine, aishi Dar es Salaam tena. Mwaka 2022 waliofaulu pale bila mtihani wa marudio walikuwa 26 kati ya 633. Nchi ilishtuka, serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na mjadala ukawa kama kosa ni la taasisi, vyuo au vijana. Mimi niliona jambo la awali zaidi: wengi wa wale 607 walikuwa wamelipiwa miaka minne ya chuo kikuu, na mtihani wa kwanza uliotungwa na watu wa nje ya chuo ukasema haikutosha. Ikiwa miaka minne haimwandai mtu kwa mwaka wa tano, basi ama minne ni mingi kwa kinachofundishwa, ama kinachofundishwa ni kidogo kwa miaka minne.

Nao walimu? Kwa shahada ya ualimu muda wa chuo unajulikana, ila muda wa kusubiri ajira haujulikani. Tangu katikati ya muongo uliopita wahitimu wamekuwa wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, wakati shule zenyewe zina upungufu wa walimu. Mtu anamaliza 2017 na 2024 bado anafungua tovuti ya ajira. Miaka hiyo saba haimo kwenye kijitabu chochote cha ada.

Kenya imepita njia nyingine, na inafaa kuitazama kwa sababu wao waligusa urefu wenyewe. Hadi katikati ya miaka ya themanini walikuwa na 7-4-2-3 kama sisi. Mwaka 1985 wakaingia 8-4-4: vidato vya tano na sita vikafutwa, mwaka mmoja ukaongezwa shule ya msingi na mmoja chuo kikuu. Jumla ikabaki 16, kwa hiyo wengi walidhani hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni mlipaji. Mwaka wa kidato cha sita kwenye shule ya wilaya ni nafuu kuliko mwaka wa chuo kikuu Nairobi au Eldoret, kwa serikali na kwa mzazi. Na mwaka 1990 waliomaliza mfumo wa zamani na waliomaliza mfumo mpya walifika chuoni pamoja, vitanda na viti vikawa shida kubwa. Mwaka uliofuata kuchangia gharama kukaanza, wanafunzi wakaacha kulishwa na chuo na wakatakiwa kununua chakula chao. Ongeza hapo vyuo kufungwa kwa sababu za kisiasa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na cha Dar es Salaam kilifungwa kwa miezi kadhaa mwaka 1990. Kwa wengi, shahada ikarefuka kuliko ilivyopangwa, na hakuna aliyerudishiwa muda huo.

Karo ya mwanafunzi wa serikali Kenya ilibaki shilingi 16,000 za huko kwa miaka mingi, ikawa haina uhusiano tena na gharama halisi, na vyuo vikaishi kwa wanafunzi wa kujilipia hadi chanzo hicho kilipokauka baada ya 2016. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya unaowagawa wanafunzi katika bendi kulingana na kipato cha familia, wa chini kabisa wakipewa asilimia 70 ya ufadhili na 25 ya mkopo. Wazazi wengi walilalamika kwamba bendi walizowekwa hazifanani na nyumba zao. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliubatilisha mfumo huo, na shauri likapanda Mahakama ya Rufaa. Wakati watu wanavutana juu ya bendi, badiliko kubwa zaidi linakuja kimya kimya: chini ya mfumo wa umahiri, wa 2-6-3-3-3, shahada itarudi kuwa ya miaka mitatu kwa watakaoingia vyuoni mwaka 2029. Hiyo ni robo ya gharama inayoondolewa, ikiwa tu vyuo havitasukuma masomo ya mwaka wa nne yaingie kwenye ngazi nyingine inayolipiwa.

Kongo nako waliamua kupunguza. Kwa muda mrefu kijana wa Lubumbashi au Goma alisoma miaka mitatu akapata cheti cha graduat, ambacho waajiri wengi walikihesabu kama nusu ya safari, kisha miwili zaidi ndipo awe msomi kamili. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 mfumo wa tatu, mbili, tatu (shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu) unasambazwa, na miaka mitatu ya kwanza inatakiwa isimame yenyewe. Sheria inaweza kulitamka hilo kwa siku moja. Mwajiri kuliamini huchukua muda.

Je, shahada inahitaji muda gani hasa? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inaipima kwa krediti: si chini ya 360 kwa shahada ya kwanza, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 3,600, au 1,200 kwa mwaka. Mihula miwili ina kama wiki 34, hivyo mwanafunzi anatakiwa kufanya kazi saa 35 kwa wiki, kisha wiki 18 zilizobaki ni likizo na fildi. Tumeurithi mgawanyo huo kutoka Uingereza, na huko huko Chuo Kikuu cha Buckingham, kilichoanza kufundisha mwaka 1976, hutoa shahada kwa miaka miwili, kwa kufundisha mihula minne kwa mwaka. Sisemi tuige. Wahadhiri wetu wamelemewa, na likizo ndiyo nafasi yao pekee ya utafiti. Ninachosema ni kwamba miaka mitatu haikushushwa kutoka mbinguni.

Mfano unaonifundisha zaidi uko nyumbani, nao unakwenda kinyume na haraka. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinamruhusu mtu kuchukua shahada polepole, hata miaka sita au zaidi, akiwa kazini kwake. Muuguzi wa Sumbawanga anayesoma hivyo anatumia miaka mara mbili ya mwenzake wa Mlimani. Lakini mshahara haujakatika, watoto hawajahamishwa, geto halijapangwa, na deni mara nyingi halipo. Miaka yake ni mingi na bado ni nafuu, kwa kuwa katika yote hiyo mikono yake haikuwa mitupu. Kumbe kinachomuumiza mtu ni miaka ya kukaa bila kipato na bila kujua lini itaisha. Tukikubali hilo, kazi ya kwanza inakuwa kuziba mapengo kati ya ngazi na ngazi, kabla hata ya kugombana kama shahada iwe mitatu au minne. Wiki za likizo zingeweza kuwa za kazi ya ujira inayohesabiwa kwenye krediti. Marejesho ya mkopo yangeanzia kwenye kiwango fulani cha mshahara, ili anayepata laki nne asikatwe asilimia ileile na anayepata milioni nne.

Tuna tarehe ya kujaribiwa. Sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, inaifanya shule ya msingi iwe ya miaka sita na elimu ya lazima iwe ya miaka kumi. Kwa ratiba hiyo, walioanza darasa la kwanza mwaka 2022 watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na waliowatangulia ambao watakuwa wanamaliza la saba. Makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028. Kalenda ikibaki kama ilivyo, watamaliza kidato cha sita Mei 2034, na Oktoba ya mwaka huo watasimama pamoja kwenye foleni za usajili, kama Wakenya wa 1990. Kila kiongozi wa Bodi na kila makamu mkuu wa chuo anaweza kuwahesabu leo, maana majina yao tayari yamo kwenye madaftari ya mahudhurio, kutoka Kasulu hadi Newala. Vitanda vyao havijajengwa bado.